Karatasi ya Mwisho ya Mashine Namba Nne

Ijumaa ya kwanza ya mwezi, mtaa wetu mkuu hujipaka wanja.
Benki iliyofilisika huwasha taa,
na ndani ya kasha la chuma, zilipolala dola,
vijana sita wanaigiza tamthilia ya watu wawili.
Kwa kinyozi, baina ya vioo, wametundikwa
ng'ombe wa Dewey Halvorsen, wenye macho ya mhasibu.
Katika duka la viatu lililokufa,
Kaying Thao ametandaza kitambaa alichotarizi miaka mitatu:
mto mpana, bibi yake mgongoni mwa mjomba,
risasi za uzi mwekundu,
na pembeni chini, dogo kama punje ya mtama,
egesho la magari la supamaketi yetu hapa Kesling, Wiskonsini.

Wasanii ni wao. Mimi ni mtu wa fremu.
Napima, nakata pembe, nabana, nangoja gundi.
Kizuri chajiuza, husema watu.
Uongo. Kizuri huja dukani kwangu kimekunjwa,
kinaomba msumari kwa mkopo.

Wageni huja na skafu ndefu, wakanywa divai
katika vikombe vya plastiki.
Wanaume wa kiwanda hawaingii.
Mlango ni ule ule waliopitia kununua buti za ncha ya chuma,
sasa wanaukwepa
kana kwamba ndani yupo anayewadai.

Jumanne alikuja Bernadine Wojtasik,
bomba la kadibodi kwapani.
Akachomoa karatasi. Nyeupe.
Nikaigeuza. Nikaigeuza tena.
"Picha iko wapi?"
"Si hiyo," akasema. "Leonard aliikata zamu ya usiku
kabla hawajazima. Namba nne.
Baada yake haikutoka nyingine."
Miaka kumi na mmoja juu ya kabati.
Leonard mwenyewe, miwili chini ya nyasi.

Nikachagua mwaloni. Nikaweka kioo mbele na nyuma,
nuru ipite.
Lebo ikanishinda: Msanii? Bei?
"Andika uzito," akasema Bernadine. "Gramu tisini."

Ijumaa, baridi nyuzi ishirini chini ya sifuri,
tukaitundika dirishani kwenye duka la viatu.
Mama mmoja wa skafu aliusifu ujasiri wa mchoraji.
Nikaitikia. Sikumsahihisha.

Ng'ambo ya barabara, Orville Beaulieu
alitoka baa kuvuta sigara, akaona.
Sigara akaitupa ikiwa nusu.
Akavuka, akaingia, akasogeza pua hadi kioo kikapata ukungu.
"Namba nne hii," akasema, si kwa mtu.
"Tazama kushoto, wimbi lile. Rola ilikuwa na kasoro
tangu tisini na sita. Tuliripoti.
Tuliripoti mpaka fomu zikaisha,
na fomu tulizitengeneza wenyewe."

Akatoka. Akarudi na wanne, kisha tisa,
theluji ikiyeyuka butini, sakafu ikawa bwawa.
Wakaisoma karatasi tupu
kama barua iliyochelewa posta:
huyu kidole juu ya nyuzi za msonobari,
yule akiapa kwamba anasikia harufu ya salfa, kioo au si kioo.

Halafu, kwa kuwa walikuwa wameshaingia,
wakageuka.
Orville akainama mbele ya kitambaa cha Kaying,
kofia mkononi.
"Hii ilichukua zamu ngapi?"
"Usiku tu. Watoto wakishalala."
"Zamu ya usiku," akasema Orville,
na wote tisa wakatikisa vichwa,
maana hilo halikuhitaji lebo.

Bernadine aliketi kwenye kile kiti cha kupimia viatu,
koti hajalivua.
Aliyeuliza bei alimjibu kwa kumtazama tu.

Saa nne nikazima taa, nikaacha ile ya dirishani.
Fremu imepinda milimita moja kulia.
Nimeiona tangu jioni.
Kesho nitaleta ngazi,
au keshokutwa.